Jinsi ramani ya matumizi ya ardhi inavyoamua nani atapumua moshi

KATIKA ramani za serikali, jina la Mkongani limezungushiwa mipaka iliyopimwa mara mbili. Upo msitu wa hifadhi wa Mkongani Kaskazini na upo msitu wa hifadhi wa Mkongani Magharibi, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills iliyotangazwa rasmi mwaka 1968. Anayetaka kujenga kiwanda ndani ya mipaka hiyo hawezi kutosheka na kumshawishi afisa mmoja. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, ombi la kubadilisha mpaka wa msitu wa umma sharti lifikishwe katika Bunge la Taifa.

Watu wako nje ya mipaka hiyo. Wadi ya Mkongani, katika eneobunge la Matuga, Kaunti ya Kwale, ni mahali pa minazi, mihogo, mahindi na mikorosho. Huko mambo ni mepesi zaidi kwa mwekezaji. Shamba laweza kugeuzwa kiwanja cha biashara au cha viwanda kwa idhini ya serikali ya kaunti, baada ya tangazo ambalo aghalabu halisomwi na wale linaowahusu. Mti wa Mkongani, kwa hivyo, una kinga ambayo mkulima wa Mkongani hana.

Wadi hiyo ingali ya mashamba, nayo haina tanuri la kuyeyusha metali. Hiyo ndiyo sababu ya kulijadili suala la kanda za ardhi mapema, kwa kuwa kwingineko katika Pwani lilijadiliwa kwa kuchelewa, hospitalini na mahakamani.

Kugawa ardhi katika kanda ni kazi ya kawaida ya wapangaji wa miji. Ofisi huchora ramani na kuamuru: hapa nyumba, hapa maduka, hapa viwanda, hapa shule na zahanati, hapa kilimo, na hapa pasijengwe kitu. Lengo linalotajwa siku zote ni kuwaepusha watu na moshi, kelele na maji machafu. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba uchafu uliokatazwa katika kanda moja hautoweki. Huhamia pale ambapo ramani inaruhusu, na zaidi ya hapo huhamia pale ambapo ramani haisemi neno lolote.

Kanuni za Kenya zenyewe hukiri kwamba ulinzi anaopata raia hutegemea rangi ya kanda yake katika ramani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 ni mfano ulio wazi. Katika eneo la makazi, kelele za nje wakati wa mchana hazifai kuzidi desibeli 50. Mahali penye mchanganyiko wa nyumba na biashara kiwango hupanda hadi 55, na katika eneo la biashara hufika 60. Tofauti ya 10 yaonekana ndogo kwa macho, lakini vipimo vya sauti havihesabiwi kama kilo za unga: kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi ya ile ya awali. Hivyo mtaa ukibadilishwa kutoka makazi hadi biashara kwa muhuri wa ofisini, kelele ambayo jana ilikuwa kosa leo huwa halali, ilhali mtoto anayelala mchana ni yule yule.

Kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2014 zilifuata mkondo huo. Ziliigawa nchi katika maeneo ya viwanda, maeneo ya makazi na maeneo yenye ulinzi maalumu, zikaruhusu hewa ya eneo la viwanda kubeba uchafu mwingi zaidi. Mpango wa namna hiyo una mantiki endapo hakuna anayeishi katika eneo la viwanda. Katika miji ya Afrika Mashariki hilo ni nadra. Mfanyakazi wa mshahara mdogo hupanga chumba mahali anapoweza kwenda kazini kwa miguu, na mahali hapo ni ukutani mwa kiwanda.

Mistari ya kwanza

Mgawanyo huu una historia yake, na si yote ya kujivunia. Jiji la New York lilipitisha mwaka 1916 kanuni zinazohesabiwa kuwa za kwanza nchini Marekani kulipanga jiji zima kwa kanda. Wakati huo huo miji kadhaa ya huko ilikuwa ikitumia ramani kuwatenga watu weusi, hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoharamisha mwaka 1917 sheria za kugawa mitaa kwa misingi ya rangi. Hukumu hiyo haikuondoa hali yenyewe. Mwaka 1987 ripoti ya kanisa la United Church of Christ ilionyesha kwamba rangi ya wakazi ndiyo iliyobashiri zaidi mahali zilipowekwa taka zenye sumu nchini Marekani, kuliko hata kipato chao.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza hali ya afya katika miji ya ukanda huu, naye akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watenganishwe kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliachana rasmi na utengano wa makazi mijini, ila mpangilio ulikwisha kuota mizizi. Jijini Nairobi Wazungu walikaa magharibi kwenye miinuko, na Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Mpango mkuu wa mwaka 1948 uliupanga mji kwa mitaa na kanda, na mtu anayetembea leo kutoka Muthaiga hadi Makadara bado huisoma historia hiyo kwa pua yake.

Pwani ilikuwa na tatizo jingine juu ya hilo. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye ardhi katika ukanda wa pwani aidai mbele ya afisa na kuithibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Ufalme. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na kaya na haikuandikwa popote, walijikuta maskwota katika makazi ya babu zao. Athari ya jambo hilo kwa mipango miji haizungumzwi vya kutosha. Mpangaji huanza kazi kwa ramani ya viwanja vilivyosajiliwa. Asiye na kiwanja kilichosajiliwa hayumo katika ramani hiyo, na mahali anapoishi huonekana pa wazi, patupu, panapofaa kwa mradi.

Owino Uhuru

Hakuna kesi nchini Kenya inayoonyesha matokeo ya hali hiyo vizuri kuliko ile ya kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, upande wa magharibi wa Mombasa. Ni makazi duni ya watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilianza kazi ubavuni mwake, kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi ya kuuza ng'ambo. Ukuta wa kiwanda ulikuwa ndio ukuta wa nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikausomba hadi kwenye mapipa ya maji ya kunywa, na maji machafu ya kiwandani yakapita katikati ya vichochoro wanamochezea watoto.

Risasi ni sumu ya polepole. Huingia kwa pumzi, kwa maji na kwa mikono ya mtoto aliyegusa udongo kisha akala. Hujificha katika mifupa, huharibu damu na figo, huhusishwa na kuharibika kwa mimba, na kwa watoto hudhoofisha ubongo kwa namna isiyotibika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Tena udongo uliokwisha kuingiwa na risasi hubaki nayo kwa miongo mingi, hata kiwanda kikifungwa na wenyewe wakaondoka.

Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri Phyllis Omido kuwa mwakilishi wake kwa jamii. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamia utayarishaji wa ripoti ya athari za mazingira. Yaani kiwanda kilikuwa kimefanya kazi kwa takriban miaka miwili, na sasa ndipo ripoti ikitafutwa. Ushauri uliotokana na kazi hiyo ulikuwa kwamba kiwanda kimejengwa mahali pasipofaa na kihamishwe. Usimamizi haukuukubali. Muda mfupi baadaye mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwake, iliyodhaniwa kuwa ilipitia maziwa ya mama. Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira, akakamatwa kwa sababu ya maandamano, na hatimaye kiwanda kikafungwa Januari 2014. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa habari za mahakama angeweza kulipita haraka. Herufi tatu katika jina la kampuni, EPZ, ni ishara ya kanda. Sheria ya mwaka 1990 iliunda kanda za kuzalisha bidhaa za kuuza nje ili wawekezaji wapate nafuu ya kodi na taratibu nyepesi. Kiwanda kile, basi, kilikuwa ndani ya kanda iliyotambuliwa na serikali, chenye leseni na mamlaka maalumu ya kukishughulikia. Kijiji kilichopakana nacho hakikuwa ndani ya kanda yoyote. Mgawanyo wa ardhi ulikuwapo, tena kwa sheria, ila uligawa kodi na haukugawa hewa. Afisa aliyetazama karatasi zake aliona mwekezaji upande mmoja, na upande wa pili hakuona mtu.

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2016. Julai 16, 2020, Jaji Anne Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa aliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, akaagiza pia udongo wa kijiji usafishwe, au zilipwe Sh700 milioni kwa kazi hiyo. Mzigo mkubwa zaidi wa lawama, asilimia 40, uliangukia Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, yaani chombo kile kile kilichowekwa na Bunge kuwalinda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo na kuagiza ikadiriwe upya. Desemba 6, 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ya mwaka 2020.

Wanasheria wameisifu kesi hiyo, na wana haki. Imethibitisha kwamba Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, si pambo. Kifungu cha 70 kinaongeza kwamba anayelalamika hahitaji kuonyesha kuwa kuna aliyepata hasara au jeraha. Ila kutoka siku tanuri lilipowashwa hadi neno la mwisho la mahakama ilipita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kijijini mwaka 2007 alikuwa amekaribia kumaliza sekondari, ikiwa risasi ilimwachia akili ya kusoma.

Mlima ulioshinda

Kusini mwa Msambweni, Kwale ina kesi nyingine ambayo haijawahi kuwekwa mezani pamoja na ile ya Owino Uhuru, ingawa zinafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Chini ya Mlima Mrima yamo madini ya niobiamu na madini adimu yanayotafutwa sana na watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki. Machi 7, 2013, siku tatu tu baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec Mining Kenya ilipewa leseni ya kuyachimba. Agosti mwaka huo waziri mpya wa madini, Najib Balala, aliifuta. Kampuni ilishindwa katika mahakama za Kenya, na wawekezaji wake wakaipeleka Kenya kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi la Benki ya Dunia, wakidai takriban dola bilioni 2.

Oktoba 22, 2018, baraza hilo liliitupa kesi. Sababu yake haikuwa siasa. Mrima ni msitu wa hifadhi, na ni kaya ya Wadigo iliyotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na leseni ilipatikana bila kibali cha tathmini ya athari za mazingira na bila kuzingatia ulinzi wa sehemu hiyo. Leseni iliyotolewa kinyume cha sheria ya nchi, waliamua wasuluhishi, haiwezi kulindwa na mkataba wa kimataifa.

Mistari iliyochorwa kuuzunguka mlima miongo kadhaa kabla ya yeyote kutamani madini yake ndiyo iliyoiokoa Kenya na deni hilo. Upungufu wa kibali cha mazingira ni ule ule uliojitokeza Mikindani, ambako kiwanda kilitangulia na ripoti ikafuata. Mrima palikuwa na mpaka uliosajiliwa, wa kuulizia kibali hicho. Owino Uhuru hapakuwa na mpaka wowote.

Si kwamba kuchorwa katika ramani daima ni kinga. Maumba na Nguluku, ambako kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini ya titani tangu mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, zilichorwa vizuri kabisa, na waliokuwa ndani ya mstari wa machimbo walihamishwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha ni ya jamii, asilimia 20 ya kaunti na asilimia 70 ya serikali kuu. Mara ikazuka hoja ya nani hasa ni jamii: aliyehamishwa, au aliyebaki jirani akivumilia malori? Mstari wa anayefaidika na mstari wa anayeathirika havikuwa mstari mmoja, na katika miradi mingi havijawahi kuwa.

Upepo hauna kanda

Wapangaji wa miji wa Ulaya walizoea kuweka viwanda upande ambao upepo unaelekea, ili moshi utoke nje ya mji. Kanuni hiyo haifai Pwani, na kila nahodha wa jahazi angeweza kuwaeleza kwa nini. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, kisha upepo ukageuka, na kaskazi ikashika hadi Machi. Mtaa ulio salama mwezi Julai huwa mbele ya moshi mwezi Januari. Kwa hiyo hapa hakuna upande wa kudumu wa kutupia moshi. Lililobaki ni umbali, yaani ukanda wa ardhi isiyojengwa baina ya bomba la moshi na dirisha la mtu, na huo ndio hugharimu pesa, kwa hiyo ndio huibwa wa kwanza. Ukanda wa kutenganisha ukikaa wazi miaka mitano huonekana kiwanja kisicho na mwenyewe.

Maji nayo yana njia zake. Sehemu kubwa ya ufuo wa kusini, tangu Tiwi hadi Msambweni, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo, na visima vya Tiwi hulisha miji ya ufuo huo. Kinachomwagwa juu hushuka haraka. Juu zaidi, chemchemi za Marere katika milima ya Shimba zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi za ukoloni. Ramani inayoonyesha tu kilicho juu ya ardhi, bila kuonyesha maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, ni nusu ya ramani. Kiwanda kilicho mbali na nyumba lakini juu ya chanzo cha maji kiko ndani ya kila nyumba.

Haja ya kulifahamu hili imeongezeka kwa Kwale kutokana na yanayotokea mpakani mwake. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, sasa humtoa mtu Miritini hadi upande wa Kibundani bila kuigusa feri ya Likoni. Kando ya njia hiyo, upande wa Likoni, serikali imetenga takriban ekari 3,000 kwa eneo maalumu la kiuchumi chini ya sheria ya mwaka 2015. Ajira zinahitajika, na hakuna kijana wa Matuga atakayezikataa. Lakini bandari na viwanda vinapopanuka, vitu vingine hutafuta mahali pia: maegesho ya malori, maghala ya kemikali, vyuma chakavu, machimbo ya mawe, majaa. Hivi havipelekwi Nyali wala kwenye ufuo wa hoteli za Diani, maana huko ramani ziko wazi na mawakili wako karibu. Huelekea bara, kwenye ardhi ya bei nafuu.

Mombasa ilikwisha kuonyesha mfano. Jaa la Kibarani, lililokuwa likimpokea kila mgeni anayeingia kisiwani kwa harufu, lilifungwa na sehemu hiyo ikapandwa miti kuanzia mwaka 2018. Ulikuwa uamuzi mwema. Taka, hata hivyo, hazikupungua kwa sababu ya miti hiyo. Zilielekezwa Mwakirunge, pembezoni mwa Kisauni, ambako wageni hawapiti.

Nairobi ina jaa lake la Dandora, lililotangazwa kujaa tangu mwaka 2001. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipowapima watoto 328 wa eneo hilo katika utafiti uliotolewa mwaka 2007, karibu nusu walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Nairobi hiyo hiyo ndiyo iliyotoa jaribio la kinyume. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru, makazi ya zaidi ya familia 100,000 katikati ya Eneo la Viwanda, kuwa eneo la mipango maalumu. Ujenzi mpya ulisimamishwa, wakazi wakagawanywa katika vikundi vya nyumba kumi kumi wakatoa maoni yao, na kwa mara ya kwanza mpango ukaandikwa ukikubali kwamba watu wapo. Mpango huo una kasoro nyingi za utekelezaji. Hata hivyo uligeuza swali: badala ya kuuliza jinsi ya kuwatoa watu katika eneo la viwanda, uliuliza viwanda gani vinaweza kuruhusiwa mahali penye watu.

Siku za kuhesabu

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya eneo lake lote wa miaka 10, na manispaa ziwe na mipango yao. Kwale ilipata manispaa za Kwale na Diani, na kwa kawaida macho ya wapangaji huanzia huko. Wadi kama Mkongani hupakwa rangi moja ya kilimo kutoka mwanzo hadi mwisho. Rangi hiyo yaonekana kama heshima kwa mkulima. Kwa kweli ni ukimya, kwa sababu haionyeshi shule iko wapi, kisima kiko wapi, wala nyumba zimesongamana wapi, na mradi unapoombewa nafasi katika shamba fulani hakuna kitu katika ramani kinachosema hapana.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inakataza ujenzi wowote bila idhini ya kaunti. Mkosaji hutozwa faini isiyozidi Sh500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mwenye tanuri la kuyeyusha betri, nusu milioni ni gharama ndogo ya biashara. Kwa hiyo nguvu ya raia iko kabla ya idhini kutolewa, na nguvu hiyo ina muda wake.

Mradi unaohitaji tathmini kamili ya mazingira hutangazwa gazetini kwa majuma mawili mfululizo, na matangazo ya NEMA kwa kawaida humpa mwananchi siku 30 kutoa maoni. Asiyeridhika na leseni aweza kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Asiyeridhika na idhini ya kaunti ya kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi ana siku 14 tu kuiendea kamati ya maridhiano ya mipango ya kaunti. Siku hizo 14 ndizo huwaponyoka watu wengi zaidi, kwa kuwa hukwisha kabla trekta la kwanza halijaonekana.

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 ziliweka jambo moja ambalo wenye miradi hupenda kulisahau. Tangazo halikupaswa kuishia gazetini. Lilitakiwa kubandikwa mahali pa hadhara karibu na eneo la mradi, na kusomwa redioni kwa lugha rasmi na pia kwa lugha ya wenyeji, angalau mara moja kwa juma kwa majuma mawili. Mwenye mradi alitakiwa pia kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Kwa Mkongani, lugha ya wenyeji ni Kidigo na Kiduruma.